Mkanda wa Suzuki Savage unalia kila gurudumu linapozunguka: nianze kukagua wapi?

Mkazi wa Gungu (Kigoma)

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Naomba msaada wa mawazo kuhusu pikipiki yangu ya zamani, Suzuki LS650 Savage, iliyoingia nchini ikiwa imekwisha kutumika Japani. Kwa wasioifahamu, ni pikipiki ya silinda moja yenye injini ya ujazo wa cc 652, na nguvu ya injini haifiki kwenye gurudumu la nyuma kwa cheni, kama ilivyo kwa pikipiki karibu zote tunazoziona hapa Kigoma, bali kwa mkanda mpana wenye meno unaozunguka kati ya puli ndogo ya mbele na puli kubwa ya nyuma.

Mkanda huo umeanza kupiga kelele. Ni mlio mwembamba, wa kukwaruza, unaojirudia kwa mpangilio: nikipita polepole pale Mwanga nausikia mmoja mmoja, na mwendo ukiongezeka milio inaungana na kuwa sauti moja ndefu. Nikishika klachi na kuiacha pikipiki iserereke, mlio haukomi. Asubuhi huwa mdogo, lakini alasiri, hasa nikitoka kwenye barabara ya vumbi, unakuwa mkubwa kiasi kwamba watu wanageuka kutazama. Jambo linalonishangaza ni kwamba nikiiosha pikipiki au nikinyeshewa na mvua, mlio hupotea kabisa, kisha hurudi mkanda ukikauka.

Fundi wa jirani yangu, ambaye kwa cheni sina shaka naye hata kidogo, amependekeza tupake mkanda mafuta machafu ya injini, na akasema kama hayapo hata mawese yatafaa. Mwingine anasema mkanda umelegea na dawa yake ni kuukaza zaidi. Nimewaomba wote wawili wasubiri kwanza, kwa sababu mkanda mpya haupatikani hapa na sitaki kuuharibu huu nilionao. Nimeutazama kwa macho, sikuona meno yaliyokatika wala nyufa. Pikipiki haijaanguka wala kugongwa. Kazi pekee iliyofanyika hivi karibuni ni kubadilisha tairi la nyuma kwenye gereji moja ya mjini, na mlio ulianza baada ya hapo.

Je, mkanda umefikia mwisho wake, au kuna kitu kingine cha kukagua kabla ya kuagiza mpya?

Fundi wa Isevya (Tabora)

Ndugu yangu wa Gungu, umefanya vyema kuwazuia. Usipake mafuta ya aina yoyote, yawe ya injini, ya mawese au grisi. Cheni ni chuma kinachosuguana na chuma, kwa hiyo bila mafuta inakufa. Mkanda ni mpira uliofumwa na nyuzi ngumu ndani yake, na umeundwa ufanye kazi ukiwa mkavu. Mafuta hudhoofisha mpira, na katika vumbi letu jekundu hugeuka kuwa gundi inayokusanya mchanga kati ya meno ya mkanda na mifereji ya puli. Mlio unaweza kunyamaza kwa muda mfupi, lakini mchanga ule utakuwa unasaga mkanda na puli kwa pamoja, na puli ni ghali kuliko mkanda.

Sasa tuje kwenye chanzo. Katika maelezo yako yote, sentensi iliyonivutia zaidi ni ile ya tairi. Ili tairi la nyuma litoke, ekseli, yaani chuma ambacho gurudumu linazungukia, lazima ichomolewe na mkanda ulegezwe; na gurudumu likirudishwa, mtu aliyezoea cheni hulivuta nyuma mpaka mkanda ukaze, hutazama alama zilizochongwa kwenye ncha za swingamu (ule mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka nalo), kisha hukaza nati na kumaliza. Kwa cheni utaratibu huo unavumilika, kwa sababu cheni ina uhuru kidogo wa kupinda kwa upande. Mkanda hauna uhuru huo. Gurudumu likikaa mshazari kidogo tu, ukingo wa mkanda huegemea ukuta wa pembeni wa puli, na pale unapoegemea ndipo unapolia. Maji yanapoingia kati ya ukingo na ukuta huo, msuguano hupungua na mlio hukoma, jambo ambalo wewe mwenyewe umeliona bila kuambiwa na mtu. Kama tatizo lingekuwa beringi, maji yasingeinyamazisha namna hiyo.

Hata hivyo, usiniamini kwa maneno. Kabla ya kufungua nati yoyote, fanya uchunguzi ufuatao ukiwa na chaki. Inua gurudumu la nyuma kwa jeki iliyowekwa chini ya fremu, hakikisha pikipiki imefungwa vizuri isianguke, weka gia huru na uzime injini. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye mgongo wa mkanda, kisha zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, ukisikiliza. Mlio ukitokea mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, tatizo liko kwenye gurudumu lenyewe, puli ya nyuma, beringi zake au breki. Ukitokea kila alama ya mkanda inaporudi mahali pale pale, yaani kwa nadra kuliko mizunguko ya gurudumu, kwa sababu mkanda ni mrefu kuliko mzingo wa puli ya nyuma, basi kuna sehemu moja ya mkanda iliyoumia au iliyonasa kokoto. Ukitokea mara kadhaa ndani ya mzunguko mmoja wa gurudumu, tazama puli ya mbele. Na ukiwa ni wa mfululizo, usiochagua mahali, fikiria mpangilio wa gurudumu au mkazo wa mkanda.

Usisahau breki. Savage ina breki ya ngoma nyuma, na ngoma iliyojaa vumbi hutoa mlio unaoweza kumdanganya hata fundi mzoefu. Zungusha gurudumu huku ukigusa pedali kidogo kidogo. Mlio ukibadilika, umepata mshukiwa wa pili. Kisha shika tairi juu na chini, ulisukume huku na huku: likicheza, beringi za gurudumu zinahitaji kutazamwa kabla ya mambo mengine yote, kwa kuwa hakuna mpangilio utakaodumu juu ya beringi iliyolegea.

Tuandikie ulichokiona.

Mkazi wa Gungu (Kigoma)

Nashukuru sana, fundi. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Gurudumu halichezi. Breki haibadilishi mlio. Mlio unasikika karibu wakati wote, ingawa kuna mahali unapozidi kidogo. Nilipotazama kwa tochi, niliona upande mmoja wa mkanda umesukumwa hadi kwenye ukuta wa puli ya nyuma, na ukuta huo unang'aa kama umepigwa msasa, wakati upande wa pili kuna nafasi inayoonekana wazi. Chini ya kava nilikuta unga mweusi mwembamba.

Pia mkanda ni mgumu mno. Nikiusukuma kwa kidole katikati, kwenye sehemu ya chini, hauendi popote. Je, ni kweli kwamba umelegea kama nilivyoambiwa?

Fundi wa Isevya (Tabora)

Haujalegea, umekazwa kupita kiasi, tena mshazari. Unga mweusi ule ni mkanda wenyewe unaolika kwa ukingo.

Naomba niseme jambo kuhusu mkazo, maana hapa ndipo pikipiki nyingi za mkanda zinapoharibiwa kwa nia njema. Ndani ya mikanda ya aina hii kuna nyuzi za aramidi, jamii ile ile ya Kevlar ambayo Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont aliigundua mwaka 1965. Nyuzi hizo hazivutiki kirahisi. Cheni ikikazwa zaidi ya kiasi hurefuka na kujilegeza kwa kulika. Mkanda haurefuki, kwa hiyo nguvu yote inakwenda kwenye beringi ya shafti inayotoka kwenye gia na kwenye beringi za gurudumu. Zaidi ya hayo, swingamu inapopanda na kushuka barabarani, umbali kati ya puli mbili hubadilika. Mkanda uliokazwa sana pikipiki ikiwa imesimama bila mtu utakazika zaidi pale utakapobeba abiria na mzigo na kupita kwenye mashimo.

Kwa upande mwingine, mkanda uliolegea mno huruka meno unapoongeza mafuta ghafla, na hapo utasikia mlio mzito wa kugonga, siyo mlio mwembamba. Kwa hiyo mkazo hupimwa, haukisiwi kwa kidole. Vitabu vingi vya matengenezo ya pikipiki za mkanda hutumia nguvu ya kilo 4.5 inayowekwa katikati ya sehemu ya chini ya mkanda, kisha hupimwa ni milimita ngapi umeshuka. Kiasi cha kushuka kinatofautiana kati ya pikipiki na pikipiki, kwa hiyo tumia kile cha kitabu cha Savage na usichukue namba ya pikipiki nyingine. Kitabu hicho pia kitakuambia kama upimaji unafanyika pikipiki ikiwa juu ya magurudumu yake au ikiwa imeinuliwa. Pima ikiwa imepoa, kwa sababu puli zikipata moto hutanuka na mkanda hukaza. Pima pia katika sehemu nne au tano za mzunguko wa gurudumu, na urekebishe kwa kufuata ile sehemu iliyokaza zaidi. Ile sehemu uliyosema mlio unazidi, nadhani ndiyo hiyo.

Mwana wa Ujiji (Kigoma)

Ndugu wa Gungu, kama huna chombo maalumu cha kupimia nguvu hiyo ya kilo 4.5, nenda kaazime mizani ya ndoano kwa wauza samaki wa Kibirizi, ile ya kuning'iniza yenye springi. Funga kamba pana au kipande cha kitambaa kigumu kuzunguka mkanda katikati ya sehemu ya chini, usitumie waya kwa sababu utakata ukingo, kisha tundika ndoano hapo na uvute moja kwa moja kuelekea chini hadi mshale usome kilo nne na nusu. Mtu wa pili ashike rula iliyosimama wima pembeni, asome kabla na baada ya kuvuta. Mimi hutumia njia hiyo kwa pikipiki yangu ya mkanda na inatosha kabisa, mradi tu mizani yenyewe uihakiki kwanza kwa kuning'iniza kitu ambacho uzito wake unajulikana. Maji ya lita 4.5 ndani ya mfuko mwepesi yana uzito wa kilo 4.5.

Mfuga Nyuki wa Sikonge (Tabora)

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya mafundi. Huku kwetu nta ya nyuki haikosekani, na nimeona watu wakiipaka kwenye mikanda ya mashine za kusaga ili isiteleze na isilie. Je, haiwezi kumsaidia ndugu yetu?

Fundi wa Isevya (Tabora)

Mzee wangu wa Sikonge, shikamoo, na ahsante kwa swali zuri. Mkanda wa mashine ya kusaga ni wa umbo la V, hauna meno, na unavuta kwa msuguano peke yake. Nta inausaidia kushika. Mkanda wa pikipiki hii unavuta kwa meno kuingia kwenye mifereji, kwa hiyo hauhitaji kunata. Nta ingebaki kwenye mifereji na kuchanganyika na vumbi, tukarudi kwenye hasara ile ile ya mafuta. Kitu kinachokubalika, baada ya mpangilio kusahihishwa, ni kipande kikavu cha sabuni ya mche kinachosuguliwa kidogo kwenye ukingo wa mkanda unaogusa ukuta wa puli, au silikoni kavu ya kupuliza. Lakini nasisitiza kwamba hivyo huja mwisho. Sabuni ikipakwa juu ya gurudumu lililokaa mshazari itakunyima sauti ambayo sasa inakulinda.

Ndugu wa Gungu, sasa fanya kazi yenyewe. Kwanza osha. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya nywele laini, usafishe meno ya mkanda na kila mfereji wa puli zote mbili. Usitumie petroli, dizeli wala mafuta ya taa. Mkanda ukikauka, ukague tena kwa subira, jino kwa jino, huku ukizungusha gurudumu. Ufa kwenye kitako cha jino, jino lililokosekana, nyuzi zinazochungulia kwenye ukingo, au tundu lililotobolewa na kokoto karibu na ukingo, vyote vinamaanisha mkanda mpya. Kulika kidogo kwa ukingo bila nyuzi kuonekana bado kunaweza kukupa muda wa kutumia.

Kisha legeza nati ya ekseli na urudishe nyuma skrubu za kurekebishia, kwa kiasi kile kile pande zote mbili, hadi mkanda ulegee kidogo. Hapa sahau alama za kwenye swingamu, maana katika pikipiki ya zamani alama hizo hazitegemewi. Chukua fimbo nyembamba iliyonyooka, au waya mgumu usiopinda, upime kutoka katikati ya bolti inayoshikilia swingamu kwenye fremu hadi katikati ya ekseli. Weka alama. Hamia upande wa pili upime kwa fimbo ile ile. Vipimo viwili vikilingana, gurudumu limenyooka. Kaza skrubu robo mzunguko kwa robo mzunguko, upande mmoja kisha mwingine, hadi upate mkazo wa kitabu, na kila mara urudie kipimo cha fimbo.

Baada ya hapo zungusha gurudumu kuelekea mbele mara nyingi na utazame mkanda unatulia wapi kwenye puli ya nyuma. Si lazima ukae katikati kabisa, na kugusa ukuta kwa wepesi si kosa. Kinachokatazwa ni kuuegemea kwa nguvu. Ukiona bado unasukumwa, sogeza skrubu ya upande mmoja kidogo sana, chini ya robo mzunguko, na utazame tena.

Mwisho kaza nati ya ekseli kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu, ukitumia spana yenye kipimo. Na baada ya kuikaza, pima kila kitu upya. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Nati inapokazwa huivuta ekseli, na kazi ya saa nzima inaweza kuharibika kwa mvuto wa milimita moja. Usisahau pini ya kufungia nati, kama ekseli yako inayo.

Mkazi wa Gungu (Kigoma)

Ndugu zangu, naleta majibu. Fimbo ilionyesha tofauti ya milimita nne kati ya pande mbili, ingawa alama za swingamu zilikuwa zinalingana. Nilimwita yule fundi wa jirani tukafanya pamoja, na mizani tuliazimwa Kibirizi kama ndugu wa Ujiji alivyoshauri. Tulipofikisha mkazo wa kitabu, mkanda ulionekana umelegea kwa macho yetu tuliozoea cheni, lakini tuliheshimu kipimo. Baada ya kukaza nati tulipima tena, na kweli upande mmoja ulikuwa umesogea, tukarudia.

Nimekwenda nayo hadi Kidahwe na kurudi, alasiri, kwenye jua. Ule mlio haupo. Uliobaki ni mvumo mdogo tu wa mkanda unapopita kwenye puli, ambao sikumbuki kama ulikuwepo zamani. Ukingo mmoja wa mkanda umelika, lakini nyuzi hazionekani.

Nina maswali mawili. Je, mvumo huo ni wa kawaida? Na kwa kuwa sitaki kukwama njiani kati ya hapa na Kasulu, niagizeje mkanda wa akiba, na je, naweza kuubeba umekunjwa kwenye begi?

Mwana wa Ujiji (Kigoma)

Kuhusu kuagiza: kuanzia mwaka 2005 Suzuki waliibadilisha jina Savage ikawa Boulevard S40, kwa hiyo unapowasiliana na wauza spea wa Kariakoo au wa nje, taja majina yote mawili pamoja na mwaka wa pikipiki yako. Usitegemee jina peke yake. Hesabu meno ya mkanda ulionao ukianzia kwenye alama ya chaki, pima upana wake, na uandike namba yoyote iliyochapwa mgongoni kama bado inasomeka. Mtumie muuzaji vitu hivyo vyote kabla hujatuma fedha, kwa sababu kurudisha kifurushi kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni gharama juu ya gharama.

Fundi wa Isevya (Tabora)

Mvumo mdogo unaopanda na kushuka kwa mwendo ni wa kawaida. Meno yanapoingia kwenye mifereji husukuma hewa. Ukigeuka kuwa sauti kali ya kuvuma, hasa ukiwa umebeba abiria, pima mkazo.

Kuhusu kubeba: mkanda usikunjwe. Nyuzi nilizozitaja hapo juu ni imara zikivutwa, lakini huvunjika ndani kwa ndani zikipindwa kwa kona kali, na mkanda uliovunjika nyuzi hauonyeshi dalili yoyote kwa nje hadi siku utakapokatika. Usiupinde kuwa duara dogo kuliko puli yako ya mbele, wala usiugeuze meno yakatazama nje. Nyumbani uuhifadhi kwenye kivuli, umelazwa, mbali na petroli. Safarini ufunge juu ya mzigo ukiwa katika duara lake pana, ndani ya mfuko usiopitisha vumbi.

Fahamu pia kwamba mkanda hauna kiungo cha kufungulia kama cheni, kwa hiyo katika pikipiki nyingi za namna hii swingamu lazima ilegezwe ili mkanda upite. Kazi hiyo si ya kufanyia kando ya barabara kwa spana mbili. Kwa ukingo ulivyo sasa, ningekushauri ukague kila unapoiosha, upime mkazo tena baada ya kilomita mia chache kwa kuwa umeyagusa marekebisho, na mkanda mpya ukifika uufunge nyumbani kabla ya masika, pamoja na huyo huyo fundi wa jirani yako. Huu wa zamani, kama nyuzi bado hazijachungulia, ndio ubaki kuwa wa akiba.